Ukianza zamu ya redio ya mabaharia, shika kalamu kwanza

Wengi wanaojiunga na kazi hii ya kujitolea, ya kuwasikiliza mabaharia kwa redio ya ridhaa kutoka nchi kavu na kuandika walipo, huja wakitarajia Mayday, yaani mwito wa aliye hatarini kufa. Hukaa na hedifoni masikioni wakingoja sauti ya mtu anayezama, na wakishasikia siku nyingi za "hali njema, kusi inavuma, wote wazima" hukata tamaa. Nawaambieni mapema: taarifa hizo za kila siku ndizo kazi yenyewe. Mashua ya matanga ikitembea maili 6 za baharini kwa saa, hukata maili 144 kwa siku. Ikinyamaza ghafla, waokoaji wataanzia kwenye mstari uliouandika wewe mara ya mwisho, na mstari huo ukiwa na kosa, watatafuta bahari nyingine.

Chukua njia ya Shelisheli hadi Kilifi, ambayo mashua za wasafiri hupita kila mwaka. Nahodha anasema yuko digrii 4 dakika 10, longitudo 50 mashariki. Kusini au kaskazini? Sauti ilikatika hapo. Ukikisia kaskazini, umemtoa kwenye njia yake na kumweka mbele ya pwani ya Somalia, maili 500 za baharini kutoka alipo. Karibu na ikweta nambari zote mbili zinaonekana sawa, ndiyo maana kosa hili hupita bila mtu kushtuka. Halafu kuna nukta. GPS nyingi huonyesha dakika na sehemu zake, mfano 10.5, na asiyezoea huandika dakika 10 sekunde 50. Hiyo ni tofauti ya mita mia sita hivi. Kwa meli kubwa si neno, lakini kichwa cha mtu majini hakionekani kwa umbali huo. Mwombe ataje tarakimu moja moja, umsomee ulichoandika, na usiendelee mpaka akubali. Mabaharia wengi si wazungumzaji wa Kiingereza wa kuzaliwa, kama wewe na mimi. Kumi na tatu na thelathini kwa Kiingereza hufanana mno redio ikikoroma.

Saa nayo iandikwe kwa UTC tu, yaani saa moja inayotumiwa na dunia nzima. Sisi wa Afrika Mashariki tuna kazi ya ziada hapa, maana tunahesabu kwa saa za Kiswahili huku simu ikionyesha saa za kizungu. UTC 0630 simu ya Mombasa inaonyesha 9:30, na sisi tunasema saa tatu na nusu asubuhi. Weka saa moja ya ukutani iliyotegwa UTC karibu na redio, usitegemee kukokotoa kichwani.

Kuhusu masafa, mgeni hushangaa kwamba mashua iliyo kilomita 300 kutoka Mombasa haimsikii mtu wa Mombasa kwenye 14 MHz, ilhali mtu wa Durban anaisikia vizuri. Mawimbi ya bendi hiyo hupanda hadi ionosfia, tabaka la juu la angahewa, na kurudi chini mbali, yakiruka eneo la karibu. Kwa hiyo usione unyonge kumwomba wa mbali akupokelee ujumbe. Jaribu pia 7 MHz kwa walio karibu. Mtandao wa wenzetu wa Afrika Kusini, yaani kikao chao cha redio na mabaharia, husikika kwenye 14.316 MHz, usikilize kwa muda mrefu kabla hujabonyeza kitufe cha kusema. Uangalie vile msimamizi anavyosema maneno machache na kuacha nafasi baada ya kila wito, ili mwenye sauti dhaifu apenye. Jua pia kwamba 14.300 MHz imetengwa na IARU, umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, kuwa masafa ya kukusanyikia wakati wa dharura.

Mayday ikija kweli, uliza mahali alipo kabla ya jambo lolote. Maji yanaweza kufunika betri dakika ile ile na redio ikazimika. Kisha watu wangapi, kisha shida ni nini. Mwambie awashe kile kifaa cha dharura cha 406 MHz, kinachotuma ishara kwa setilaiti, kama anacho. Mtu mmoja tu kati yenu apige simu kituo cha uokoaji cha Mombasa, au cha nchi iliyo karibu na mashua, wengine wanyamaze. Akiwepo mgonjwa, peleka maneno ya daktari kama yalivyo, usiongeze dawa unayoijua wewe.

Na usiweke kamwe mahali mashua ilipo kwenye kundi la WhatsApp. Redio yetu hairuhusiwi kufichwa kwa msimbo, kila mwenye kipokezi anasikia, lakini hilo halikupi ruhusa ya kutangaza. Mwaka 2009 wanandoa Waingereza walitekwa na maharamia wakitoka Shelisheli kuelekea Tanzania, wakashikiliwa zaidi ya mwaka mmoja. Nahodha akikataa kutaja alipo hewani, mheshimu.

Sasa lile linalowasumbua wageni kuliko yote: mashua haikuita kwa wakati wake. Mara nyingi si kuzama. Mashua nyingi hutumia kamba ya chuma inayoshika mlingoti kwa nyuma kama antena, hivyo mlingoti ukianguka redio hufa, na watu wote wako salama. Chumvi huingia kwenye viungo vya waya. Mlipuko wa jua huweza kuzima mawimbi mafupi mchana kwa dakika kadhaa au saa kadhaa. Iite tena, waulize mashua jirani, badilisha bendi. Ila swali la msingi uwe umeshalimaliza siku nahodha alipojiandikisha: nisipokusikia, ningoje saa ngapi kabla ya kuarifu, na nyumbani nimpigie nani? Jibu lake liandike ukurasa wa kwanza, pamoja na rangi ya mashua, rangi ya boti la kuokolea, na idadi ya watu. Muda aliousema ukitimia, piga simu bila kuona haya kwamba huenda ni waya tu umekatika. Wasomee mahali pa mwisho, uelekeo na mwendo, na ubaki kwenye masafa yale yale ukimwita kila saa, maana huenda anakusikia ila hawezi kujibu.