Bunduki ya mjane: bei ya haki katika kununua na kuuza bunduki za upepo zilizotumika

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mkazi wa Eastleigh hapa Nairobi. Kwa miaka kadhaa niliishi Birmingham, Uingereza, ambako ndugu yangu yuko mpaka sasa. Tulipokuwa pamoja tulianza kununua bunduki za upepo zilizotumika, tukizitengeneza na kuwauzia wapenda kulenga shabaha, na hata baada ya mimi kurudi nyumbani mtaji umebaki wetu sote, nusu kwa nusu. Mwaka jana ndugu yangu aliitwa na mama mmoja mzee, mjane, asiye Mwislamu, aliyetaka kuuza bunduki za marehemu mumewe. Mojawapo ilikuwa BSA ya kale (BSA ni kiwanda cha silaha cha Birmingham), ya kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Yule mama alimwuliza, "Wewe mjuzi, waonaje, yafaa bei gani?" Ndugu yangu akamjibu kwamba ni chuma kikuukuu tu, akampa pauni 40. Alitia springi mpya na mpira mpya wa pistoni kwa pauni 30, kisha akaiuza kwa pauni 350. Mimi nimekwisha kupokea nusu yangu ya faida. Ndugu yangu asema biashara ni maelewano, na mama aliridhika kwa hiari yake. Je, faida hiyo ni halali? Na tupange bei vipi katika bidhaa ambazo hazina bei maalumu?

JIBU

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, kwa kuwa umefunga kitita kimoja mambo mawili yasiyofanana: faida inaruhusiwa kufikia wapi, na ni maneno gani aliyoambiwa yule mama kabla hajapokea pauni zake 40. La kwanza ni jepesi. La pili ndilo zito.

Sheria yetu haikuweka kikomo cha faida. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Anas, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba bei zilipanda Madina na watu wakamwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, awapangie bei, naye akakataa, akawaambia kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mpanga bei, na kwamba yeye anatumai kukutana na Mola wake bila ya yeyote kumdai dhuluma ya damu wala ya mali. Na katika Bukhari imo habari ya Urwa al-Bariqi, aliyepewa dinari moja na Mtume amnunulie mbuzi; akanunua wawili kwa dinari hiyo, akamwuza mmoja kwa dinari moja, akarudi na mbuzi na dinari mkononi, na Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Hiyo ni faida ya mia kwa mia, iliyopatikana siku hiyohiyo. Basi akija mtu kukuambia kwamba faida ikizidi theluthi ni haramu, mwulize dalili yake. Lau ndugu yako angeikuta bunduki ile mnadani, imewekwa mbele ya wajuzi wenzake, akaipata kwa pauni 40 kwa kuwa hakuna aliyeongeza, ningekuambia ule faida yako kwa raha.

Lakini haikuwa mnadani, na bidhaa yenyewe si unga wala sukari ambayo kila mtu anaijua bei kabla hajatoka nyumbani. Bei ya kitu kilichotumika imejificha ndani ya hali yake. Wauza mitumba wa Gikomba wanalijua jambo hili vizuri: katika robota moja hutoka nguo wanayoiita kamera, yaani bora, na nyingine wanayoiita fagia, yaani duni, na asiye na jicho hawezi kuzitenga. Bunduki ya upepo nayo ni hivyo hivyo, na pengine zaidi. Springi iliyochoka haionekani kwa nje, mpira wa pistoni uliokauka hauonekani, na kutu ndani ya mtutu hufunikwa na tone la mafuta. Tena katika zile za kale, jambo linalomfanya mnunuzi wa kawaida aidharau, yaani rangi yake ya kiwandani iliyofifia na mti wa kitako uliochubuka, ndilo wakusanyaji wanalolilipia. Aliyeisugua ing'ae huwa ameipunguzia thamani kwa mkono wake mwenyewe. Mjane ambaye hajawahi kufyatua bunduki maishani mwake angeyajulia wapi haya? Ndiyo maana akauliza.

Na hapa ndipo mambo yalipogeuka. Mama alipomwuliza ndugu yako, "Wewe mjuzi, waonaje?", hakuwa tena akipatana naye bei; alimtaka ushauri, akamfanya kuwa mwaminifu wake katika jambo asilolijua. Wanazuoni wana jina la mtu wa namna hii: humwita mustarsil, yaani asiyejua bei wala hawezi kubishana juu yake, akajisalimisha kwa maneno ya yule anayefanya naye biashara. Ndugu yako alikuwa na njia mbili za halali. Angeweza kumwambia, "Mama, mimi ni mnunuzi, kaulize kwa mwingine." Angeweza pia kumwambia ukweli, kisha akataja kiasi anachoweza kutoa yeye, huku akibakiza nafasi ya faida na ya kazi yake. Yeye akashika ya tatu, akaiita chuma kikuukuu bunduki aliyokwisha kuijua thamani yake. Huku si kunyamaza, ni kusema uongo, na uongo huo ndio uliomtoa mama bunduki mkononi.

Mtume alikataza watu kuupokea msafara njiani kabla haujafika sokoni, na katika upokezi wa Muslim akasema kwamba mwenye bidhaa iliyonunuliwa hivyo, akifika sokoni, ana hiari ya kuyavunja mauzo. Sababu iko wazi kwa mwenye kuzingatia: mtu wa msafara bado hajaijua bei ya mji, na aliyemkimbilia njiani alitaka kufaidi kutojua kwake. Nyumba ya mjane yule ilikuwa ndiyo hiyo njia. Ridhaa mnayoitegemea, ambayo Qur'ani imeitaja katika Surat an-Nisaa aya ya 29, ni ridhaa ya anayejua anachokiridhia. Aliyedanganywa hakuridhia kuuza BSA ya kale kwa pauni 40. Aliridhia kuuza chuma kikuukuu.

Umetaja kwamba mama yule si Mwislamu, nami nahisi umelitaja kwa kutafuta upenyo. Hakuna upenyo hapo. Nabii Shuaibu alipowaonya watu wa Madyan, kama ilivyo katika Surat al-Aaraf aya ya 85, aliwaambia wasiwapunguzie watu vitu vyao. Alisema watu, hakusema waumini. Na wapo wafasiri walioeleza kwamba kupunguza huko kunaingia hata kukitia kitu cha mtu aibu na kukidunisha kwa maneno ili kipatikane kwa bei ya chini. Sijui kama kuna maneno yanayokieleza kisa chenu kuliko haya.

Sasa upande wa fiqhi, nisije nikakuficha hitilafu iliyopo. Katika madhehebu yetu ya Kishafii, ambayo wengi wa Waislamu wa pwani na bara hapa kwetu wanaifuata, kupunjika katika bei peke yake hakuvunji mauzo, maana mwenye mali alipaswa kuuliza na kuchunguza. Mahanbali wao humpa mustarsil hiari ya kuvunja mauzo akipunjwa kupita kawaida, na baadhi ya Wamaliki wakakadiria kupunjika huko kwa theluthi. Ndugu yako huenda akaishika kauli ya Mashafii kama ngao. Haimfai, kwa sababu mama yule aliuliza, na jibu alilopewa lilikuwa la uongo; na hata mauzo yakihesabiwa kuwa yamesihi, dhambi ya kudanganya imebaki, na toba ya dhambi iliyogusa mali ya mtu haitimii mpaka mwenye mali arudishiwe haki yake au asamehe akiwa anajua anachokisamehe.

Kabla ya hesabu, nikukumbushe kisa cha Jarir bin Abdillah, Mwenyezi Mungu amridhie, alichokipokea Tabarani. Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300, akaja na mwenye farasi ili alipwe. Jarir alipomtazama farasi akamwambia mwenyewe kwamba huyu ana thamani zaidi ya 300, je, utamwuza kwa 400? Akawa anampandishia mia baada ya mia mpaka wakafika 800. Alipoulizwa, alisema alimpa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Sikuwajibishi daraja ya Jarir, kwa kuwa ni daraja ya hisani na wachache huifikia, hasa sisi wa Nairobi tuliozoea kukata bei kwanza na kusalimiana baadaye. Ninachokuwajibisha ni kile kilicho chini yake, nacho ni kutosema uongo.

Basi fanyeni hivi. Tafuteni wajuzi wawili wasio na maslahi, wakadirie bunduki ile ilikuwa na thamani gani siku ile, ikiwa bado na springi mbovu, ndani ya ghala la mama. Msihesabu kwa pauni 350, kwa sababu ndani yake mna vipuri, kazi, safari na ujuzi wa kumpata mnunuzi, na hayo ni yenu. Tuseme kwa mfano wamekadiria pauni 240. Mama alipokea 40, kwa hiyo anawadai 200, na kila mmoja wenu anatoa 100. Faida yenu baada ya gharama ilikuwa 280, nusu yako 140. Ukitoa 100 utabaki na 40 zilizo safi. Ndugu yako ndiye wa kwenda kwake, amweleze ilivyokuwa bila kupambapamba, na akisamehe baada ya kujua, imekwisha. Akiwa ameaga dunia, haki ni ya warithi wake. Na ndugu yako akikataa katakata, wewe peleka sehemu yako. Ulikuwa mshirika katika faida, basi huwezi kujitoa katika deni.

Kuhusu kuuza, si lazima mumwambie mnunuzi mlinunua kwa kiasi gani. Kupatana bei bila kutaja mtaji kunajuzu. Mkichagua kutaja, basi taja kwa kweli, na gharama za matengenezo zisichanganywe na bei ya kununulia. Kisicho na hiari ni kuonyesha aibu, yaani kasoro ya bidhaa. Mtume aliingiza mkono katika lundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu, akamwuliza mwenyewe kwa nini hakuuweka juu watu wauone, kisha akasema anayetughushi si katika sisi. Unyevu wenu ni kutu ya mtutu, ufa wa kitako uliogundishwa, na kipuri kisicho cha asili katika bunduki inayouzwa kama ya asili. Ipo na aibu nyingine inayoweza kumwingiza mnunuzi matatani: Uingereza bunduki ndefu ya upepo inayozidi nguvu ya futi-pauni 12 (kipimo cha nguvu ya risasi ikitoka mtutuni) huhitaji cheti cha polisi, na bastola ya upepo inayozidi 6 huhesabiwa kuwa silaha iliyopigwa marufuku, kwa hiyo iliyotiwa springi kali kupita kiasi lazima ipimwe kabla ya kuuzwa. Na kumpanga rafiki ajifanye anataka kununua ili bei ipande ni najash, nayo imekatazwa waziwazi.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Kwa sheria ya Uingereza ya 2006, anayeuza bunduki za upepo kwa njia ya biashara sharti awe amesajiliwa na polisi kuwa muuzaji wa silaha, na mnunuzi wa kawaida akabidhiwe ana kwa ana. Mnunuzi naye awe ametimiza miaka 18. Wanaonunua ili wauze kwa faida, kama nyinyi, wanafanya biashara. Kama ndugu yako hajasajiliwa, asimame kwanza, kwani anayeishi katika nchi amejifunga kwa ahadi zake. Wewe nawe, ukiwa hapa, usifikirie kuleta hata moja kabla ya kwenda kwa Bodi ya Leseni za Silaha, kwa kuwa Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haina mzaha. Bunduki nyingine za marehemu, kama bado ziko kwa mjane, msizinunue mpaka deni la ile ya kwanza limalizike na mama apate mtu mwingine wa kumtajia bei.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.