Digrii ya sanaa na deni la Bodi: lihesabu kwa miezi

Mtoto wa kaka yangu amemaliza kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na amefaulu vizuri. Wiki iliyopita alinipigia usiku, akiongea kwa sauti ya chini ili baba yake asisikie: "Shangazi, baba anasema sosholojia haina ajira, nitabaki na deni tu. Wewe si ulisoma hiyohiyo? Niombe au niache?"

Nilimwomba siku mbili. Swali lake nimeishi nalo tangu nilipoingia chuo mwaka 2015, na sikutaka kumjibu juujuu. Niliyomwandikia nayaweka hapa, kwa sababu najua wapo wengi wanaojaza fomu za mkopo mwaka huu wakiwa na hofu ileile.

Tuanze na deni lenyewe, lile la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Watu hulitaja kama jini, lakini ukiwauliza ni kiasi gani na limetokana na nini, hawajui. Langu lilikuwa hivi. Wakati ule fedha ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, kwa hiyo bumu, yaani fedha hiyo ikitolewa kwa mkupuo, la siku 60 lilikuwa 510,000. Mabumu manne kwa mwaka, kwa miaka mitatu, ni 6,120,000. Ada ya kozi yangu ilikuwa milioni moja kwa mwaka na nilipewa asilimia 80, hapo weka 2,400,000. Vitabu na viandikwa 200,000 kila mwaka, yaani 600,000. Jumla 9,120,000.

Umeona? Theluthi mbili ya deni langu si ada. Ni kula na kulala. Kwa hiyo anayekwambia "arts ada yake ndogo, deni halitakuumiza" hajapiga hesabu, kwani mwanafunzi wa sanaa anakula kama wa uhandisi. Na siku hizi fedha hiyo ni 10,000 kwa siku. Bumu langu la kwanza nilinunua simu na viatu, la pili nikatuma nusu nyumbani. La pili sijutii. La kwanza nimelilipa miaka mingi baada ya ile simu kufa.

Sasa makato. Ukiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kuipeleka Bodi. Zamani ilikuwa asilimia 8, sheria ikabadilishwa mwaka 2016. Ni asilimia ya mshahara huo mzima, si ya kinachobaki baada ya kodi, na hapo ndipo wengi hushtuka wakiona slipu ya kwanza. Mimi nilianza kwa 700,000 kwenye shirika binafsi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, 70,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vya sasa, 42,000. Bodi 105,000. Mkononi unabaki na 483,000, bado hujalipa kodi ya chumba wala nauli.

Lakini gawanya 9,120,000 kwa 105,000. Ni miezi 87, miaka saba na robo, na mshahara ukipanda miezi inapungua. Nilipoanza kulihesabu deni kwa miezi, nililala. Deni la miezi 87 lina mwisho. Ukishajua idadi, unaweza kupanga kujenga, kuoa au kuolewa, kumsomesha mdogo wako.

Waliotutangulia, na sisi kwa muda kidogo, tulibeba mzigo mzito zaidi. Kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya fedha, asilimia 6 kwa mwaka. Kwa deni langu ilikuwa zaidi ya 547,000 kwa mwaka, wakati makato yangu yote ya mwaka yalikuwa 1,260,000. Karibu nusu ya jasho langu haikugusa deni. Tozo hiyo ilifutwa kuanzia Julai 2021, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kutangaza kuifuta kwenye Mei Mosi. Ukisikia kaka au dada aliyehitimu miaka ya nyuma akisema deni halipungui, mwamini, alikuwa anasema kweli. Ila wewe hesabu yako ni nyingine.

Kilichoniuma zaidi ni kusubiri. Nilihitimu 2018, ajira ya kueleweka nikaipata 2020. Katikati nilikuwa mdadisi, yaani mkusanya takwimu, kwenye miradi ya utafiti, nikilipwa kwa siku, wiki tatu kazi, miezi miwili kimya. Sikulipa hata senti, nikidhani deni ni la walioajiriwa tu. Si kweli. Aliyejiajiri naye anatakiwa kulipa, angalau 100,000 kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato chake. Laiti ningejua, ningetenga kidogo kila mradi.

Na ni kwenye udadisi huo nilipogundua kilichonitoa. Mwaka wa tatu kulikuwa na somo la hiari la uchambuzi wa takwimu. Wenzangu wa sanaa walilikimbia kwa sababu ya hesabu, mimi nikaingia kwa woga. Kwenye miradi, wadadisi tulikuwa wengi, lakini aliyeweza kumhoji mzee kijijini kwa adabu na kisha kukaa na SPSS, programu ya kuchambua takwimu, hadi ripoti ikatoka hakuwa rahisi kupatikana. Huyo hakurudishwa nyumbani mradi ulipoisha.

Kwa hiyo sikumwambia mpwa wangu akimbilie uhasibu. Rafiki yangu wa hosteli alifanya hivyo kwa kuogopa njaa, akadisko, yaani akaondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa pili. Deni la miaka miwili analo, cheti hana. Sijui hali mbaya kuliko hiyo. Kama moyo wako uko kwenye jamii na lugha, soma jamii na lugha, ila usitoke chuoni bila ujuzi mmoja ambao mtu atakulipa kwa ajili yake wiki ijayo: takwimu, tafsiri, uhariri, chochote unachokiweza kweli.

Nilimtumia yote haya. Jana akapiga baba yake. Nilijiandaa kwa ubishi, lakini aliuliza kitu kimoja tu: "Dada, akipewa asilimia 40 ya ada, zile 60 tunazitoa wapi?" Ni swali zuri kuliko yote niliyomwandikia binti. Jumapili tunakaa watatu na kalamu kulipigia hesabu, kabla hajatuma maombi.