TV mbili, boksi moja: kwa nini hawakwambii kilichomo ndani

Assalaam alaykum. Ndugu yangu umeuliza: umenunua TV mbili za inchi 43 Darajani, modeli ile ile hadi herufi ya mwisho, ya sebuleni inavuta ubuluu na ya chumbani kama imemwagiwa manjano. Kwa nini hawaandiki kwenye boksi kioo ni cha nani? Mimi kazi yangu ni kuzifungua hapa Mwanakwerekwe, Zanzibar, mwaka wa kumi na moja sasa.

Jina lililo mbele ya TV si lazima liwe la aliyetengeneza kioo. Vioo vingi vinatoka kwenye viwanda vichache tu: BOE na CSOT vya China, AUO na Innolux vya Taiwan, na vyengine vichache. Mwenye jina hununua pale alipopata bei. Mwezi huu kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, modeli haibadiliki. Akiandika kioo ni cha nani amejifunga mwenyewe. Ndiyo maana kwenye kitabu cha maelezo, kwa herufi za kutaka miwani, utakuta wameandika kuwa vipimo vinaweza kubadilishwa bila ya taarifa.

Mwaka juzi shangazi yangu alikuja na TV yake ina madoa meupe kama miezi midogo. Akaja na ya jirani yake pia, nzima. "Mwanangu, tumenunua siku moja, duka moja. Yangu ina nini?" Nikazifungua zote mbili mezani. Ya jirani ina mistari mitatu ya taa nyuma ya kioo. Ya shangazi miwili. Vile vikofia vya plastiki vinavyokaa juu ya kila taa, vinne vimebanduka vimelala chini. Taa zikiwa chache na mwanga unatakiwa ule ule, lazima zisukumwe umeme mwingi zaidi. Zinachemka, gundi inakauka, kikofia kinaanguka. Boksi zote mbili zimeandikwa LED, yaani hizo taa ndogo za nyuma ya kioo, na hakuna aliyesema uongo.

Kapasita, vile vikopo vidogo vya kuweka umeme kwenye bodi, nazo ni hivyo hivyo. Iko ya kuhimili joto la nyuzi 85 na iko ya nyuzi 105, tofauti ya bei ni ndogo mno. Chukua zote mbili zimepewa saa 2,000 kwenye joto lao la juu. Hesabu ya mafundi ni kuwa kila ukipunguza nyuzi 10, umri unazidi mara mbili. Ndani ya TV mukiwa na nyuzi 65, ya kwanza inakupa kama saa 8,000, ya pili 32,000. Kwa mtu anayewasha saa sita kwa siku, moja ni miaka mitatu na nusu na ushei, nyengine ni zaidi ya kumi na nne. Dukani watakwambia ni umeme. Umeme wetu una madhambi yake, nani kaisahau ile miezi mitatu ya kiza ya 2009 kuingia 2010, lakini kapasita ya nyuzi 85 haikutiwa na umeme.

Wapo wanaosema ni siri ya biashara, washindani wasijue. Siikubali. Mimi kwa bisibisi nimejua kwa dakika kumi. Mshindani mwenye maabara atashindwa? Asiyejua ni mnunuzi peke yake.

Na tuseme mmoja akaamua kuwa mkweli, akaandika "kapasita nyuzi 105, mistari mitatu". Bei yake itapanda kidogo. Wewe pale dukani unaona inchi na bei, ndani huoni, na wa pembeni naye anaweza kuandika hivyo hivyo bila kutia. Utachukua ya rahisi. George Akerlof, mchumi wa Marekani, aliliandika jambo hili 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika, na 2001 akawa miongoni mwa waliopewa Nobeli. Mwenye duka usimlaumu sana, naye kaletewa boksi limefungwa.

Zako mbili, ukitaka kuhakikisha, nyuma ya kioo chenyewe muna stika nyeupe yenye namba yake. Linganisha. Ila subiri dhamana imalizike, maana ukichana ile stika ya kwenye skrubu, watakwambia umeharibu wewe.