Ukitaka kutibu usingizi wa watoto

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Umeuliza kwamba sasa umemaliza utarajali na leseni ya Baraza la Madaktari unayo, na moyo umekwenda kwenye usingizi wa watoto: je, usomee ubingwa wa watoto, uhamie saikolojia, au utafute maabara ya usingizi uanze kazi? Tena unataka kujua kama kazi yenyewe ipo, au ni jina zuri tu.

Kazi ipo, ila haianzi kwa jina hilo. Usingizi husomwa juu ya fani nyingine, hausimami peke yake. Kwa hiyo swali lako la kwanza ni fani ya msingi, na la pili ni nchi. Haya mawili yaamue pamoja, tena kabla hujajaza fomu yoyote, kwa sababu hapo ndipo wengi hupoteza miaka.

Nianze na Marekani, maana najua ndiko macho yalikoelekea. Kule udaktari wa usingizi ni feloshipu, yaani mafunzo ya ubobezi baada ya ubingwa, ya mwaka mmoja. Huingii mpaka umalize rezidensi (mafunzo ya ubingwa hospitalini) ya watoto, ambayo ni miaka mitatu, au ya fani nyingine kama neurolojia, magonjwa ya akili, magonjwa ya ndani au masikio, pua na koo. Hakuna mtihani wa bodi wa usingizi wa watoto peke yake. Mtihani ni mmoja, wa wakubwa na wadogo. Bingwa wa watoto anayeingia humo atasoma pia vipimo vya wazee wenye moyo dhaifu, apende asipende. Ukituma maombi, angalia kama programu imefungamana na hospitali ya watoto yenye kituo chake cha usingizi, kama zilivyo za Philadelphia, Boston na Cincinnati. Vinginevyo utamaliza mwaka ukiwa umeona watoto wachache mno. Wengine huongeza miaka mitatu ya mapafu ya watoto, na wanaotaka kushughulika na watoto wanaolala na mashine ya kupumulia hufanya vyema kupitia huko.

Kosa linalogharimu zaidi ni kusoma MMed (uzamili wa ubingwa) ya watoto Muhimbili au KCMC ya Moshi kwa miaka kadhaa ukidhani itakuruhusu kuruka rezidensi ya Marekani. Kwa njia ya kawaida haikuruhusu. Utaanza upya, ukiwa na umri zaidi na miaka mingi tangu uhitimu, jambo ambalo programu nyingi hazilipendi. Kama ni Marekani, basi ni sasa: hatua ya kwanza na ya pili ya USMLE, mtihani wa leseni wa kule, cheti cha ECFMG kinachothibitisha madaktari waliosoma nje, kisha mechi ya rezidensi, mfumo unaowagawa waombaji kwenye hospitali. Tangu Januari 2022 hatua ya kwanza hutoa jibu la kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo alama ya hatua ya pili ndiyo inayotazamwa.

Visa nayo ina mitego yake. Madaktari wengi wa kigeni huingia kwa J-1, visa ya mafunzo, na hiyo hudai barua ya Wizara ya Afya ya nchini kwako ikisema fani hiyo inahitajika. Barua hutaja fani kwa jina. Ukimaliza rezidensi ya watoto na kutaka feloshipu ya usingizi, unaomba barua nyingine, na ukichelewa nafasi hukaa ikikusubiri huku karatasi ziko mezani kwa mtu Dodoma. Feloshipu huanza Julai, majibu ya mechi yake hutoka mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba. Anza kuifuatilia barua wiki ile ile ya majibu. Mafunzo yakiisha, J-1 inakutaka urudi nyumbani miaka miwili, isipokuwa upate msamaha, ambao mara nyingi hutolewa kwa atakayefanya kazi kwenye eneo lenye uhaba wa madaktari. Maeneo hayo kwa kawaida hayana maabara ya usingizi wa watoto. Na amri za visa hubadilika; angalia hali ya pasipoti ya Tanzania kabla hujalipia mtihani, si baada.

Saikolojia ni njia nyingine kabisa, wala si ndogo. Sehemu kubwa ya watoto wasiolala hawana ugonjwa wa koo wala ubongo. Wana mazoea, hofu, ratiba mbovu, au simu. Hao dawa yao ni mwanasaikolojia. Ndiye pia anayemzoesha mtoto wa miaka minne kuvaa barakoa ya CPAP, mashine inayosukuma hewa ili koo lisizibe usingizini: siku za kwanza anaishika tu na kuichezea, kisha anaiweka puani akiwa macho anatazama katuni, bila hewa, kisha na hewa kidogo, kisha wakati wa kulala. Hospitali zinazoruka hatua hizo na kumfunga mtoto barakoa usiku wa kwanza huishia na mashine iliyolala kabatini.

Marekani njia hiyo ni shahada ya uzamivu ya saikolojia ya kliniki, miaka minne hadi sita, kisha mwaka wa mafunzo hospitalini, kisha feloshipu ya mwaka mmoja au miwili, na mwisho cheti cha tiba ya tabia za usingizi chenye mtihani wake. Programu za PhD, zenye utafiti mwingi, mara nyingi zinalipa ada na posho. Za PsyD, zinazolenga zaidi tiba, mara nyingi unajilipia. Huombi chuo tu, unamwomba msimamizi: kama hakuna mwalimu anayetafiti usingizi wa watoto na anayepokea mwanafunzi mwaka huo, usitume. Kuna mtego mwingine ambao wageni huuona wakiwa wamekwisha kufika mlangoni: feloshipu za utafiti za T32 zinazolipwa na taasisi ya afya ya taifa, NIH, ni za raia na wenye ukazi wa kudumu, na hospitali za maveterani hudai uraia kwa mwaka wa mafunzo. Tangazo halisemi hivyo kwa herufi kubwa. Uliza kwa barua pepe kwanza.

Ila wewe, binti yangu, ni daktari tayari. Kuacha MD ukaanze saikolojia upya ni kutupa miaka. Jifunze tiba za tabia, halafu fanya kazi bega kwa bega na mwanasaikolojia. Nairobi wanafundisha shahada ya uzamili ya saikolojia ya kliniki, na wahitimu wake utawapata. Huyo binamu yako aliyesoma saikolojia ndiye ningemsukuma huko.

Maabara, kwa maoni yangu, iwe shule na isiwe ajira yako. Mteknolojia wa usingizi anabandika elektrodi za ubongo, macho na kidevu, mikanda ya kifua na tumbo, kipima hewa ya pua, oksijeni ya kidoleni, na kwa watoto kaboni dayoksaidi, kisha anakesha. Kazi ni ya heshima na ina vyeti vyake, lakini kwa daktari inatosha ukeshe nayo majuma machache. Utajifunza jambo ambalo vitabu havikazii vya kutosha: mtoto si mtu mzima mdogo. Kwa mtu mzima, kusimama kwa pumzi huhesabiwa kuanzia sekunde 10. Kwa mtoto, ni muda wa pumzi mbili tu zilizokosekana. Mtu mzima huambiwa ana tatizo akifikia matukio matano kwa saa, mtoto hata moja. Na mtoto anaweza asisimamishe pumzi hata mara moja, ila kaboni dayoksaidi ikabaki juu ya milimita 50 za zebaki kwa zaidi ya robo ya usingizi. Asiyepima kaboni atamwandikia kuwa mzima.

Sasa kama ni hapa nyumbani, na mimi naelekea huko, hesabu ni tofauti. Chukua MMed ya watoto, na tasnifu yako iwe ya usingizi tangu mwaka wa kwanza. Mada imekaa wodini: selimundu. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nayo, na oksijeni yao kushuka usiku ni jambo lililokwisha kupimwa Dar es Salaam na Kilifi. Huhitaji maabara ya mamilioni kuanza. Unahitaji oksimita (kipima oksijeni cha kidoleni) yenye kumbukumbu, angalau saa sita za usingizi, na kurekebisha kitu kimoja ambacho wengi hawakigusi: muda wa wastani, yaani sekunde ambazo mashine huzikusanya kutoa namba moja. Mashine nyingi huja zimewekwa sekunde 8 au zaidi, na mshuko mfupi wa oksijeni humezwa ukapotea. Iweke sekunde 2 au 3.

Jihadhari katika kusoma matokeo. Kwa mtoto wa kawaida anayekoroma, makundi matatu au zaidi ya mishuko ya oksijeni pamoja na kushuka chini ya asilimia 90 mara tatu au zaidi ni ushahidi mzito wa koo kuziba. Lakini usiku mzuri kwenye oksimita haumsafishi mtoto, maana wapo wanaoamka kabla oksijeni haijashuka. Mwenye selimundu naye anaweza kuanza usiku akiwa na 93 bila koo lake kuwa na neno, na kipimo cha kidoleni hukosea zaidi kwenye ngozi nyeusi. Ukitumia kanuni ile ile kwa wote wawili utawapeleka watoto kwa kisu bila sababu. Hata kwa wasio na selimundu usiharakishe: katika jaribio la CHAT la Marekani lililochapishwa 2013, watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, karibu nusu ya waliosubiri bila upasuaji vipimo vyao vilirudi kawaida katika miezi saba. Waliokatwa tonsili na adenoidi walifika asilimia 79, tabia na hali ya maisha zikawa bora, ila umakini kwenye majaribio haukupishana vya kutosha.

Mengine utayaona kliniki bila mashine yoyote. Mtoto anayerusha miguu usiku na kusema inamwasha ndani, pima feritini, akiba ya chuma mwilini. Ikiwa chini ya mikrogramu 50 kwa lita, mpe madini ya chuma miligramu 3 kwa kilo kwa siku, miezi mitatu, kisha pima tena. Mtoto mwenye sindromu ya Down apimwe usingizi kabla ya kutimiza miaka minne hata kama mama anasema analala vizuri.

Tiba za tabia zilizoandikwa ughaibuni zinadhani mtoto ana chumba chake. Kwetu analala na mama au na dada zake chini ya chandarua kimoja. Ukisema aachwe alie, umeamsha nyumba nzima na jirani. Tumia kusogeza muda: mlaze saa ile anayosinzia kweli, hata kama ni saa nne usiku, kisha rudisha nyuma dakika 15 kila baada ya siku chache. Na hao wanafunzi wa Dar wanaochukuliwa na basi alfajiri wakati kijana anahitaji saa 8 hadi 10, huo ni utafiti mzima unaosubiri mtu. California iliweka sheria kwamba shule za sekondari zisianze kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, ikaanza kutumika 2022; hapa hoja hiyo itahitaji takwimu zetu wenyewe.

Ukiwa kwenye MMed, Oxford wanafundisha usingizi kwa mtandao, diploma au uzamili wa miaka miwili, bila kuacha kazi. Baada yake, omba mpango wa Chuo Kikuu cha Cape Town unaofundisha mabingwa bobezi wa watoto wa Kiafrika katika hospitali ya watoto ya Red Cross. Chukua mapafu au neurolojia, na omba muda kwenye maabara yao ya usingizi. Mpango huo unataka hospitali yako ikubali kukupokea ukirudi, kwa hiyo mkuu wa idara awe upande wako mapema. Ufadhili wa ubingwa wa Wizara, ule wa jina la Rais Samia, nao una mkataba. Usome kifungu cha miaka ya kutumikia na cha nani anachagua kituo, maana bobezi wa usingizi aliyepangiwa hospitali isiyo na oksimita atarudi kutibu malaria.

Kabla ya mwisho wa mwezi, mwulize mwalimu wa idara ya watoto kama kuna anayeweza kusimamia tasnifu ya oksijeni ya usiku, na muulize fundi vifaa oksimita za wodi ya selimundu ni za aina gani na kama zinahifadhi data. Nitumie majibu yote mawili pamoja na nakala ya matokeo yako ya chuo.

Mama yako