Kabla hujaongeza siku za mfungo

Mleta uzi, umesema umemaliza mfungo wa siku 21, umekesha, umetoa sadaka, na kazi bado hupati. Halafu katikati ya maelezo, kama jambo dogo tu, ukagusia kwamba wewe na kaka yako hamsalimiani tangu mzozo wa kiwanja cha marehemu baba. Unauliza kama ufikishe siku 40. Mimi naona usiongeze, walau kwa sasa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi hupati kazi kwa sababu ya kaka yako. Ajira ni ngumu kwa waliookoka na wasiookoka, na Yesu alipoulizwa nani alitenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu, aliikataa hesabu ya namna hiyo (Yohana 9). Atakayekuambia tatizo lako lina laana fulani na dawa yake anayo yeye, kaa naye mbali.

Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kujificha ndani ya maombi. Niliwahi kuwa mtunza ghala wa duka la vifaa vya ujenzi, Mwanza. Bosi akataka nisaini kwamba tumepokea saruji ambayo haikuwa imefika, wala haikuwa ya kufika. Nikaomba anipe hadi Jumatatu. Jumamosi nikapeleka hoja kwenye kikundi chetu cha maombi: Mungu anionyeshe njia. Kabla hatujapiga magoti, mama mmoja mtu mzima akaniuliza, "Baba, kwani jibu hulijui?" Nikasema nalijua. "Basi tusimwombe jibu. Tuombe miguu isikutetemeke."

Tukaomba hivyo, dakika chache tu. Jumatatu nikakataa. Miguu ilitetemeka vilevile, lakini sikusaini. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa, na mwaka huo tulikula kwa vitumbua vya mke wangu. Kazi niliyoipata baadaye ilikuwa na mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza. Hakukuwa na ushuhuda wa kupigiwa vigelegele kanisani. Kilichobadilika ni maombi yenyewe. Yalipungua maneno, nikawa nasoma Zaburi moja na kunyamaza, na sikuwa na kitu cha kukizunguka mbele za Mungu.

Yule mama alikulia Bukoba kati ya watu wa Uamsho, ile harakati ya Kikristo ya toba ya Afrika Mashariki, na ndiyo maana aliuliza vile. Kwa vijana wasioujua: mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyehudumu Gahini, Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, ukavuka hadi Bukoba na Kenya. Tunapousimulia leo tunataja kuimba na kulia kwa toba. Majirani zao waliona jambo jingine: watu wakirudisha walichoiba, wakilipa madeni ya zamani, waume wakiwaomba radhi wake zao, na hata wamisionari wazungu wakiwaomba radhi Waafrika. Wakati wa Mau Mau, wapiganaji walioipinga serikali ya kikoloni, ndugu wengi wa Uamsho kule Kenya walikataa kula kiapo chao, na wengi wakakataa pia kubeba silaha upande wa serikali. Baadhi yao waliuawa. Kwao hayo yalikuwa ni kuendelea na sala waliyoianza magotini.

Na upande wa pili nao upo. Nimeona watu wanyoofu kweli, hawaibi, hawasengenyi, lakini hawaombi, na baada ya muda wanakuwa wakali kwa kila anayejikwaa. Utii mgumu hauwezekani kwa ubishi wa mtu peke yake. Gethsemane, Bwana mwenyewe aliomba kikombe kiondolewe kabla ya kusema mapenzi ya Baba yatendeke. Hakuruka sala akaenda moja kwa moja msalabani.

Jihadhari pia na jambo moja ambalo siku hizi limezidi: utii kwa Mungu kugeuzwa utii kwa mtumishi. Ukiambiwa utoe hati ya kiwanja au mtaji wa biashara kwa sababu "nabii kasema", fungua Matendo 5:29, inayosema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, kisha uondoke taratibu.

Sasa kuhusu kaka yako. Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako. Usimtumie ujumbe mrefu, ujumbe mrefu huzaa majibu marefu. Mtangulize shangazi au mjomba mnayemheshimu wote wawili, kisha nenda mwenyewe. Siku hiyo msiongelee kiwanja. Kama pana haki yako, itadaiwa kwa utaratibu wa mirathi, na kupatana hakukuzuii kuidai. Akikufungia mlango, Warumi 12:18 inasema "kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote", na upande wako utakuwa umeutimiza.

Na wewe uliyeuliza pale juu kuhusu kufunga kavu, yaani bila kula wala kunywa, ukiwa na kisukari: usifanye bila kuongea na daktari wako, na dawa usiache. Chagua kitu kingine cha kujinyima, televisheni au simu, muda huo uutumie kuomba.