Kivuli cha Majani si Sawa na Kivuli cha Kichanja

Nilipoanza kuotesha nyanya mwenyewe, nilitengeneza kitalu chini ya mti mkubwa nikiamini kwamba ninaikinga miche na jua kali. Baada ya wiki mbili ilikuwa mirefu ajabu, mashina yake membamba kama uzi na yamepauka karibu na udongo, na yote imeinamia upande ule uliopitisha mwanga. Nilifurahi nikidhani kwamba imestawi upesi, kumbe ilikuwa ikihangaika kutafuta jua.

Mche hautambui upungufu wa mwanga tu, bali hutambua pia rangi yake. Majani ya mti hufyonza sehemu kubwa ya mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, lakini huuachia upite ule mwekundu wa mbali, ambao macho yetu karibu hayauoni kabisa. Ndani ya mche kuna protini iitwayo fitokromu, ambayo hupima uwiano wa aina hizo mbili; mwekundu ukipungua, mche hupata ishara kwamba umefunikwa na mmea mwingine, nao huelekeza nguvu zake katika kurefusha shina, huku majani na mizizi ikipunjwa. Hata katika kitalu kilicho wazi, miche iliyosongamana huanza kurefuka kabla haijafunikana, kwa kuwa majani ya jirani huakisi mwanga huohuo mwekundu wa mbali.

Kwa sababu hiyo, sasa nasia mbegu kwa mistari mahali peupe, napunguzia miche mapema, na kivuli nakiweka mwenyewe kwa kichanja cha nyasi kavu au neti nyeusi, ambavyo hupunguza ukali wa jua bila kubadili sana rangi ya mwanga. Miche ya kahawa na kakao huvumilia kivuli kwa muda mrefu zaidi; nyanya, kabichi na pilipili hazivumilii hivyo.

Kichanja nacho kisiondolewe kwa siku moja. Majani yaliyokulia kivulini ni mapana na membamba, na jua la ghafla huyababua. Mimi huanza kupunguza nyasi siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamishia miche shambani, nikianzia saa za asubuhi.

Shina lililokwisha kurefuka halirudi kuwa fupi. Nyanya ya namna hiyo bado huokoka ukiizika hadi karibu na majani ya chini, maana shina lake hutoa mizizi linapofukiwa. Kabichi iliyorefuka kupita kiasi mimi huing'oa, kisha nasia upya.