Kabla ya jezi ya bei, nunua kaptura yenye sponji

Ndugu yangu, umeuliza kama inafaa kutumia pesa kwa mavazi maalumu ya baiskeli, kwa kuwa unaendesha kutoka Kisumu hadi Maseno kazini na wenzako wanasema jinzi inatosha. Haitoshi. Ni kama kilomita 25 kwenda tu, na ule mshono mnene wa jinzi unapita pale pale unapokalia.

Anza na kaptura ya kubana yenye sponji. Ivae bila chupi ndani. Najua wengi hushtuka wakiambiwa hivi, lakini chupi ndiyo inayosugua ngozi mpaka vidonda vinatoka. Sponji imetengenezwa iguse mwili wenyewe. Ifue kila baada ya safari, tafadhali, usiirudie na jasho la jana. Ukiona haya kuingia nayo kazini, vaa kaptura pana juu yake. Mimi hufanya hivyo kila nikipitia kwa wakwe.

Fulana ya pamba hunywa jasho na kubaki mbichi, halafu ukiteremka kutoka Maseno jioni upepo unakupiga kifua. Lakini jezi ya baiskeli si lazima: jezi nyepesi ya kandanda, ya mitumba pale soko la Kibuye mjini Kisumu, inakauka upesi vilevile.

Viatu vya kunasa kwenye pedali viache kwanza. Matatu husimama ghafla, nawe unahitaji mguu chini mara moja.

Pesa inayobaki iende kwa helmeti na rifleta, vile vipande vinavyong'aa vikimulikwa na taa za gari. Huku kwetu giza huingia haraka sana.